Meko ya Ukutani kwa Ajili ya Wakwe

Jumatatu, Oktoba 7

Joto kali. Jasho mpaka kwenye kope. Leo nimeamua kujenga meko ya kuotea moto sebuleni.

Sababu ni hii. Jumamosi wanakuja wakwe, wazazi wa Eliya, kijana wa mgodini Geita anayemtaka binti yangu Wema. Wanatoka Makete, kule ambako watu huvaa makoti hata shambani. Jana baada ya sala ya jumuiya Wema alinionyesha picha yao kwenye simu. Wameketi sebuleni, blanketi magotini, na nyuma yao moto unawaka ndani ya ukuta. Ndani ya ukuta! Si mafiga, si jiko la mkaa. Ukuta una tundu, tundu lina moto, na moshi hauonekani.

Nikatazama sebule yangu. Makochi, kalenda ya parokia, ukuta mtupu.

Jirani yangu Kalisti aliichungulia picha hiyo juu ya bega langu bila kualikwa. Huyu ndiye mwenye gesti yenye vigae na feni, na hapa Runzewe hataki mtu alisahau jambo hilo. Akasema watu waliozoea mambo kama hayo wataingia kwangu na kujiuliza binti amelelewa katika boma la namna gani. Alisema kwa huruma. Huruma ya Kalisti inauma kuliko tusi.

Nimemweleza Mama Wema mpango wangu. Akauliza kama nimekunywa. Nikamwambia mgeni hupewa alichozoea. Akajibu kwamba basi niwatafutie na baridi.

Mwanamke huyu hana maono. Ila neno la baridi nimeliweka akilini.

Jumanne, Oktoba 8

Nimepata fundi. Waashi wote wamekwenda Geita kujenga nyumba za wanunuzi wa dhahabu, lakini Amosi yupo. Amosi ni mchimbaji, na duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, limejaa maji, kwa hiyo ana nafasi. Amechimba mashimo tangu ujana wake, huku na huko mpaka Bulyanhulu. Hajawahi kujenga kitu cha kwenda juu. Nilimweleza dohani ni nini: njia ya moshi kutoka kwenye moto mpaka juu ya bati. Akakuna kidevu, akasema hilo ni duara tu, ila limepinduliwa. Nikaona huyu ana akili.

Ana sharti moja. Duara haliendi bila matimba, zile nguzo za miti zinazozuia kuta zisimwangukie mtu. Kwa hiyo na hili la kwenda juu atalipangia matimba kwa ndani, kutoka chini mpaka mdomoni. Anayo makavu ya bure, aliyoyang'oa kwenye duara lake la zamani, lile lililotoa dhahabu mpaka watu wakaongeza wake. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Wema alirudi kutoka chekechea anakofundisha, akakuta tundu ukutani na matofali juu ya kochi. Akaniketisha. Akasema anampenda Eliya, na Jumamosi hataki kitu kingine kwangu isipokuwa nikae, nitabasamu na niseme ndiyo. Akasema nikimwaibisha mbele ya wakwe zake atafunga ndoa bomani na mimi nitasikia kwa watu. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Nilitaka kumwambia kwamba nafanya haya kwa ajili yake. Kwamba tangu aseme anaolewa chakula hakina ladha, na kwamba mtoto wangu wa pekee hawezi kuchukuliwa kutoka kwenye ukuta mtupu kama kuku wa sokoni. Badala yake nilimwambia saruji haijakauka, asiguse.

Jumatano, Oktoba 9

Dohani imetokeza juu ya bati, urefu wa mtu mzima. Mji mzima umeiona. Asubuhi walikuja vijana watatu wakainua simu zao kuelekea paani kwangu, wakasema mtandao umeanza kuwa mzuri. Kumbe uvumi umeenea kwamba nimejengewa mnara wa simu! Kalisti alikuja mbio, ndala moja. Akauliza kampuni gani, na kwa nini hawakuanza kwake, penye mwinuko. Nikasema siruhusiwi kuzungumzia mikataba. Mama Wema anasema mke wake Kalisti amemwambia kwamba mumewe hakugusa ugali mchana kutwa.

Siku nzuri sana, mpaka jioni.

Jioni nilifanya jaribio la kwanza. Kuni nilizipata kwa werevu: nilikata mwarobaini uliokuwa mpakani kwangu na kwa Kalisti, mti ambao kivuli chake kilikuwa kinaangukia upande wake tu. Mama Wema akasema kuni mbichi hulia, haziwaki. Akasema nianze na vijiti vikavu, niviache vikae kwa nafasi ili moto upumue, halafu niongeze kubwa kidogo kidogo. Nikamwambia hayo ni mambo ya mafiga, huu ni moto wa sebuleni. Nikashindilia magogo mpaka tundu likajaa.

Kiberiti kizima kikaisha. Magogo yakatoa povu.

Basi nikakumbuka petroli niliyoiweka ya pampu ya karasha. (Karasha langu la kusagia mawe ya dhahabu ni zuri sana, ila limeharibika tangu Pasaka.) Mama Wema akasema nisithubutu, akatoka nje na Wema kabisa. Nikamwaga kikombe kimoja, na kingine cha kuongezea, nikainama kuwasha.

Moto ulitoka nje kunisalimia. Ukala nyusi zangu zote mbili, ukazima. Magogo hayakuguswa.

Hata hivyo kuna jambo la kufurahisha. Moshi ulipanda juu vizuri kabisa. Dohani inafanya kazi.

Alhamisi, Oktoba 10

Mama Wema amenichora nyusi kwa wanja. Amezichora juu mno. Kila ninayekutana naye ananiuliza nimesikia nini. Sijasikia chochote, ndivyo uso ulivyo sasa.

Leo nimeshughulikia suala la baridi. Maana nimewaza: wakwe wakiingia ndani na joto hili hawatauona umuhimu wa moto. Moto bila baridi ni adhabu. Kwa hiyo nimekwenda kwa wauza samaki, nikachukua mabonge ya barafu wanayosafirishia sangara. Yatakaa kwenye mabeseni chini ya makochi, wasiyaone, na feni itapuliza juu yake. Chini baridi, mbele moto. Makete kabisa!

Feni sina. Nimeazima kwa Kalisti. Nilimwambia ni ya kupoza mitambo ya mnara. Aliileta mwenyewe, akaibeba kama mtoto mchanga, akaomba aruhusiwe kuiona mitambo. Nikasema bado imelala.

Nimejaribu kuketi sebuleni na koti la marehemu baba. Karibu nizimie. Lakini inawezekana.

Ijumaa, Oktoba 11

Amosi amemaliza. Mawingu yalikuwa yanatanda, akapanda juu, akaufunika mdomo wa dohani kwa turubai na kuufunga kwa waya. Akanieleza kwamba hakuna mchimbaji mwenye akili anayeacha mdomo wa duara wazi wakati wa mvua, achilia mbali wezi. Nikamsifu sana. Ndiyo faida ya kutumia mtu mzoefu.

Wakwe wameshafika. Eliya amewapangishia vyumba kwenye gesti ya Kalisti, kwa sababu hakuna nyingine yenye feni, ingawa feni yenyewe iko kwangu. Mila hainiruhusu kwenda kuwasalimia kabla ya kesho. Kalisti hana mila inayomzuia. Amepita mara nne kunipa habari. Baba Eliya, mzee Herman, ni mpole. Mama Eliya, mama Sesilia, ni mcheshi, ila analalamikia joto.

Joto! Ni adabu ya ugenini tu. Mtu hawezi kusema kwamba amekumbuka moto wa kwake.

Kuni za kesho ni matimba yaliyobaki. Makavu, mazito, yana vumbi la mawe. Nimeyapanga kwa mikono yangu. Wema alipita akayatazama, akanitazama na mimi, akaingia chumbani kwake. Ningependa zaidi kama angegomba.

Jumamosi, Oktoba 12

Naandika nimekaa juu ya ndoo, uani.

Waliingia saa nne. Mzee Herman, mama Sesilia, Eliya, na mshenga wao mwalimu Benedict, mtu wa maneno mazuri. Shikamoo, marahaba, karibuni. Nilikuwa nimewasha moto kabla hawajafika, kidogo tu, na milango na madirisha yote nimeyafunga baridi isitoke. Mama Sesilia aliuona moto, akaitazama feni, akanusa. Barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka na sebule ilinuka kama mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki.

Mshenga akasimama. Akasema wamepita njia, wakaona ua limechanua katika boma hili. Nikajibu tuna maua, waeleze ni lipi. Vizuri kabisa. Nikaongeza matimba matano kwa heshima.

Moshi ulianza darini. Ukashuka polepole mpaka kwenye kalenda, ukafika kwenye vichwa vya watu. Mshenga aliendelea na ua. Sasa msomaji wa shajara hii, ambaye ni mimi, na aelewe shida iliyokuwepo. Mkwe halalamiki nyumbani kwa mkwe mwenzake. Na mwenyeji akiwaambia wakwe watoke nje, amekataa posa. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema neno. Tukaketi. Machozi yakatutoka sote. Mama Wema alijifunika kanga mpaka puani, na mzee Herman alikohoa kwa adabu kwenye kofia yake. Mshenga simwoni tena, nasikia sauti tu ikisema ua lina harufu nzuri.

Kisha mzee Herman, kwa kupitia kwa mshenga kama desturi inavyotaka, akauliza kama moto wa kwetu huwa hivi. Nikajibu, kwa kupitia kwa mshenga, kwamba ndiyo unaanza, utatulia.

Hapo ndipo turubai lilipoyeyuka huko juu. Hewa ikavuta. Matimba yaliyokuwa ndani ya dohani yakashika yote kwa pamoja, na kukatoka sauti kama lori linapanda mlima. Chumba kizima kikapata mwanga. Kwa kweli kilipendeza.

Nje nikamsikia Kalisti akipiga mwano, ule ukelele wa hatari ambao ukisikika kila mwanamume huacha alichoshika na kukimbia. Alikuwa anapiga kelele kwamba mnara wa simu unaungua. Sungusungu wakaja na pinde zao na ndoo.

Na sisi bado tumeketi! Wallahi sikujua la kufanya. Nilifikiri nikiinuka nimemharibia mwanangu, nisipoinuka nimemchoma.

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. Wema. Binti huitwa mwisho kabisa, na hakuna aliyekuwa amemwita. Mshenga maskini, kwa mazoea, akamuuliza papo hapo ndani ya moshi kama anawafahamu wageni hawa. Wema akasema anawafahamu, anawapenda, na anataka kuishi nao wakiwa hai, kwa hiyo wote watoke nje sasa hivi. Akanishika mkono mimi kwanza.

Uani mama Sesilia akawa mtu mwingine. Lakini desturi ni desturi, bado hakuweza kunisemesha moja kwa moja. Akamnong'oneza mshenga. Mshenga akakohoa, akasema wageni wanaomba kwa unyenyekevu maji yasimwagwe kwenye matofali yenye moto, maana yatapasuka. Akanong'ona tena. Wageni wangefurahi kama moto wa chini ungefukiwa kwa mchanga mkavu. Akanong'ona tena, cheche zinaturukia. Wageni wanaleta ombi dogo kwamba tundu lizibwe kwa bati ili dohani ikose hewa, na mtu mmoja achunge paa. Sungusungu wakafanya vile. Mlio ukapungua, ukafa.

Nyumba imesimama. Bati mbili nyeusi, dari imetoboka. Kalisti alimwaga ndoo yake juu ya paa ilhali kila kitu kimeshazima, ikanimwagikia mimi. Nyusi zikashuka mashavuni. Watu wote walimpongeza na kumpa kiti. Kiti changu.

Tuliketi juu ya mikeka, karibu na mafiga ya Mama Wema, mahali ambapo chakula kilikuwa kinaiva bila shida yoyote. Nilingoja kukataliwa. Nilimtazama Wema. Mzee Herman akamwambia mshenga, na mshenga akaniambia, kwamba kwao huko Makete mwenyeji hupimwa kwa kuni anazomchomea mgeni. Lakini katika maisha yake hajaona mtu aliyekuwa tayari kumchomea nyumba. Kwa hiyo hawaondoki bila binti.

Nilisema ndiyo. Nilitabasamu. Nililia pia, na safari hii haukuwa moshi.

Jumapili, Oktoba 13

Kanisani watu walitupisha. Bado tunanuka.

Kabla ya safari, posa ikiwa imepokelewa na ulimi umefunguliwa, mama Sesilia alikuja kuniaga na akanifundisha kuhusu moto. Alifundisha kwa upole, kama anayemfundisha mtoto wa chekechea, na Wema alisimama nyuma yake akiitikia kwa kichwa. Dohani ijengwe kwa matofali matupu, isiwe na mti ndani. Mdomo wake uwe wazi kabla ya kuwasha, na mtu achungulie kwanza. Kwanza uwashe karatasi uinyanyue juu kidogo, dohani ipate joto, moshi ujue njia. Kuni kavu, moto mdogo, dirisha moja liwe wazi kidogo, maana moto hula hewa ileile tunayoivuta sisi. Petroli kamwe. Nilijibu kila kitu kwa ndiyo mama. Mama Wema alikuwa amesema nusu ya hayo Jumatano, lakini alisema jikoni.

La mwisho alilirudia mara mbili. Majivu. Akasema majivu hudanganya, juu baridi, ndani yana makaa hai kwa siku kadhaa. Yachotwe yawekwe kwenye debe la bati lenye kifuniko, nje, mbali na nyumba.

Nimelifikiria hilo tangu waondoke. Mbona anajali majivu kiasi hicho?

Jioni nimemuuliza Amosi. Amesema ni kweli, matimba yale yalikaa kwenye duara lile miaka, vumbi la dhahabu liliyaingia. Ukichoma, mti unakwenda, dhahabu inabaki.

Nje, mbali na nyumba! Mama mkwe ni mtu mwema, lakini si wa huku. Hajui majirani.

Jumatatu, Oktoba 14

Sikukuu. Mji umetulia. Ndoa imepangwa baada ya Krismasi, Ushirombo parokiani. Wema amenisamehe. Alicheka mpaka akakaa chini aliponikumbusha namna nilivyosema moto utatulia. Kisha akaacha kucheka, akaniomba nimwahidi. Nimeapa mbele ya mwanangu kwamba sitawasha moto ndani ya nyumba hii tena, na kiapo changu ni kiapo. Mtu akiungua mara moja anakuwa mwalimu. Tundu nitalifanya kabati.

Baada ya chakula Kalisti alikuja na debe la bati lenye kifuniko. Akasema mama Sesilia alimwachia maagizo anisaidie kuyatoa majivu. Kumbe na yeye anajua! Nilimshukuru, nikamwambia yameshatupwa. Alitazama tazama, akaenda zake na debe lake.

Hayajatupwa. Nimeyachota yote asubuhi, hata mavumbi ya pembeni, kwenye ndoo mbili za plastiki. Juu yalikuwa baridi kabisa, niliweka kiganja. Nimeyafunika kwa gunia na kuyasukuma uvunguni mwa kitanda changu, mahali ambapo Kalisti hawezi kufika. Karasha likipona nitayaosha. Wema ataolewa kwa dhahabu ya baba yake, na gesti ya Kalisti tutaitazama kwa huruma.

Sasa nimejilaza kidogo. Mama Wema na Wema wako mtoni wanafua mapazia. Godoro lina joto zuri, linapanda mpaka mgongoni. Sijui kwa nini watu hulalamikia vitanda vya mbao.

Kuna harufu ya plastiki inaungua. Ni Kalisti huyo, anachoma takataka mchana kweupe, tena siku ya sikukuu. Moshi wake wote unaingia kwangu. Mtu amenusurika na moto juzi tu, na jirani hana hata chembe ya tahadhari.

Nimeinuka nikafunga dirisha, nimerudi kulala.